Mabati ya Kumkumbuka Mwarandu

Ungemtaka Nyamvula, usingepata taabu. Ulizunguka nyuma ya nyumba yake pale Kisauni, ukamkuta ameketi chini, miguu kainyoosha, ufito mapajani na kamba kati ya meno, anashona makuti. Siku njema alishona thelathini. Na usije ukamwambia kwamba hiyo ni kazi ya mtu asiye na kazi, maana angekutazama kutoka utosini mpaka kidoleni, kisha akuulize: "Kwani wewe jana ulilala chini ya nini?"

Kazi hiyo alipewa na Mzee Mwarandu. Mume wa Nyamvula alikufa kwa homa, akamwachia binti mmoja, Kache, na nyumba yenye paa lililooza. Hakuwa na mbele wala nyuma. Watu walikuja matangani, wakalia, wakala, wakaenda zao. Mwarandu alirudi siku ya tatu, mtu mzima na heshima zake, amejitwika mzigo wa majani ya mnazi begani, akabisha hodi.

"Keti nikuonyeshe, mwanangu," alimwambia. "Kulia utalia, lakini mikono iwe inafanya kitu."

Nyamvula alipomaliza kuti la kwanza, mzee aliliinua juu ya kichwa akalitazama juani. Mwanga ukapenya kila mahali.

"Hili ni la kufunikia kuku," akasema. "Fumua."

Nyamvula alifumua akashona, akafumua akashona, hata machozi yakamwisha kwa hasira. La kumi na moja mzee aliliinua, mwanga haukupenya, akaliweka kando. Tangu siku hiyo Nyamvula hakutoa kuti mkononi mwake bila kuliinua juani kwanza.

Huyu Mwarandu ndiye aliyekuwa mwuza makuti wa Kisauni nzima. Aliyanunua kwa akina mama, akayapakia kwenye mikokoteni, akayavusha daraja la Nyali mpaka mjini. Vita vilipokuja, kambi za askari zikataka makuti kwa maelfu, na mzee akapata. Mwingine angepata hivyo, tungemkoma! Angejenga nyumba ya mawe, akaoa mke wa tatu, akawa anapita njiani hamjui mtu. Yeye alijenga banda.

Banda lenyewe lilikuwa refu, kuta za udongo, paa la makuti, madirisha matupu. Asubuhi watoto walisoma humo kwa Mwalimu Justus wa misheni. Alasiri walisoma watu wazima. Jumapili watu walisali. Machela ya kubebea maiti iliwekwa pembeni, na msiba ukitokea, mtu hakuulizwa dini wala kabila. Ugomvi wa mipaka na wa ndoa Mwarandu aliuamua mle mle, kwa kuwa alikuwa mzee wa baraza, na akishaamua, imeamuliwa. Nyamvula naye alijifunza kusoma humo, mwanamke wa miaka arobaini, kibao magotini, Kache akimcheka dirishani.

Kila mwaka wa tatu, masika ikiisha, banda liliezekwa upya. Kila nyumba ilileta makuti ishirini, hakuna kulipwa. Wanaume walipanda juu, wanawake wakapika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Na siku hiyo, bila kukosa, alikuja mzee mmoja wa mjini, kanzu nyeupe, bakora mkononi. Ndiye mwenye shamba. Maana pale Kisauni nyumba ilikuwa yako na mnazi ulioupanda ulikuwa wako, lakini udongo ulio chini yake ulikuwa wa mtu mwingine, huko ng'ambo kisiwani. Basi mzee yule aliketi na Mwarandu kwenye sinia moja, wakala, wakanawa, akaenda zake. Watu walikuwa wakisema, "Huyu naye anaupenda wali wa Kisauni!"

Mabati hayakuingia katika banda lile maadamu Mwarandu yu hai. Fundi mmoja wa Changamwe alimpa mifuko ya saruji, bure kabisa. Mzee akaipeleka zahanati. Mwalimu Justus alimwomba mabati miaka nenda miaka rudi, wapi! Watu wakamtania waziwazi: mwuza makuti akiweka mabati, si atakuwa amejitangaza mwenyewe kwamba bidhaa yake haifai? Mwarandu alicheka mpaka kikohozi kikamshika, lakini hakujibu. Mara moja tu, tayari yuko kitandani, alimshika Nyamvula mkono akamwambia: "Nikifa, miaka mitatu isipite hamjaezeka." Nyamvula alidhani ni habari ya kuvuja.

Alikufa mwaka wa 1946. Kisauni ilisimama. Hata mikokoteni haikuvuka daraja siku ile.

Mwaka uliofuata, baada ya ule mgomo mkubwa uliofunga bandari, watu walikutana bandani kushauriana watamkumbukaje. Wazee wawili walitaka achongewe kigango, mti wa ukumbusho, kama walivyofanyiwa babu zao huko Kaloleni. Mwalimu Justus akasema marehemu alikuwa Mkristo na misheni haitakubali. Wakavutana, sauti zikapanda, na Nyamvula akaona haya mbele ya machela aliyobebewa Mwarandu. Akasimama.

"Mimi ni mshona makuti," alisema. "Nikisema neno hili najikata mkono mwenyewe. Lakini baba yule hatumkumbuki kwa kitu cha kuoza kila miaka mitatu. Tumwekee mabati. Tumwekee sakafu ya saruji, na jina lake liandikwe sakafuni, asifutike."

Lo! Banda zima lilipiga makofi. Rafiki yake Dhahabu, ambaye alishona naye makuti miaka yote, alimkumbatia akilia. Mabati yalipatikana, yale ya jeshi yaliyouzwa baada ya vita, mengine na matundu ya misumari. Kwa mwezi mzima hakuna aliyezungumza habari nyingine. Saruji ilipomwagwa na bado i mbichi, Mwalimu Justus alimpa Nyamvula kijiti. Akapiga magoti mlangoni, ulimi nje kama mtoto wa shule, akaandika: BABA YETU MWARANDU 1946. Lilikuwa andiko lake la kwanza lililosomwa na watu. Kila aliyeingia aliliruka asilikanyage, na Nyamvula alikuwa akitafuta sababu ya kupita pale, hata kama hana la kufanya.

Hiyo ndiyo furaha aliyoipata, na haikudumu.

Masika ya mwaka 1948 ilipita. Ulikuwa mwaka wa kuezeka, lakini mabati hayaezekwi upya, kwa hiyo hapakuwa na makuti ya kuleta wala wali wa kupika. Mzee wa mjini hakualikwa, na kusema kweli alikuwa amekwisha kufa. Shamba lilishikwa na mwanawe. Ndipo ikaja barua ya wakili. Mwalimu Justus aliisoma bandani kwa sauti, akaisoma tena kwa sauti ndogo zaidi. Ilisema kwamba palikuwa na mapatano: jengo la udongo na makuti tu, la muda. Sasa wapangaji wamejenga jengo la kudumu bila idhini, wamevunja mapatano. Siku thelathini, banda liondolewe.

"Mapatano gani?" Nyamvula aliuliza. "Nani aliyeyafanya?"

Aliyejibu ni Kazungu, msimamizi wa shamba, mtu wao wenyewe wa Kisauni, aliyekuwa ameileta barua hiyo na bado amesimama mlangoni, nje ya lile jina.

"Mwarandu," alisema. "Nilikuwapo, Mama Kache. Hayakuandikwa. Yule bwana mkubwa alisema, makuti yakiwa mapya, na ruhusa mpya. Akija akila chakula chenu siku ya kuezeka, basi mna miaka mitatu mingine. Wali ule ndio uliokuwa hati yenu."

"Na mbona hakutuambia?"

"Nilimwuliza. Alisema watu wakijua wanakaa kwa muda hawatapanda hata mpapai. Waacheni wasome, alisema, mimi nitalishika hili."

Makofi yote yale yalimrudia Nyamvula masikioni. Ni yeye aliyesimama. Ni yeye, si mwingine, kwa mdomo wake. Usiku na mchana alimlaumu marehemu, nasema bila kuficha: alimlaumu sana. "Ungeniambia, baba," alikuwa akisema peke yake juu ya makuti. "Mimi si mtoto. Ungeniambia mimi mmoja tu." Kisha akamaliza lawama, akajilaumu mwenyewe, na lawama hiyo haikuwa na mwisho.

Lakini hakukaa bure. Alikwenda nyumba kwa nyumba. Tulivue bati, alisema, tuliezeke makuti, tupike, tumwalike kijana kama baba yake alivyoalikwa. Akija akala, tumepona. Wengine walimtazama kwa jicho baya.

"Wewe si ndiye uliyetaka mabati?" mama mmoja alimwambia usoni.

"Ndimi," alijibu. "Leta makuti ishirini."

Walishona siku kumi na mbili. Dhahabu alishona huku vidole vikitoka damu. Kache aliacha masomo akaja kuchambua majani. Kila jioni Nyamvula alipitia makuti ya kila mtu, akayainua moja moja juani, na lililopitisha mwanga alilifumua bila kujali limeshonwa na nani. Makuti mia sita. Wanaume waliyashusha mabati, wakapanda, wakaezeka. Banda likarudi kuwa lile la Mwarandu, hata harufu yake.

Ikabaki sakafu.

"Sakafu haivuliwi," alisema Mwalimu Justus. "Na ile tarehe inatushitaki kwamba tuliijenga juzi tu. Atakayeingia ataisoma kabla hajavuka mlango."

Sururu liliegemezwa ukutani, na hakuna mwanamume aliyelishika. Kila mmoja alitazama kando, eti anangoja mwenzake. Nyamvula akalichukua. Alilipiga jina kuanzia mwisho, kwenye mwaka, akarudi nyuma herufi kwa herufi jinsi alivyoziandika. Alilia kwa sauti, hakuona aibu. Alipofika kwenye BABA akasita kidogo, Dhahabu akamwambia, "Maliza, mwenzangu," akamaliza. Wengine wakapasua sakafu iliyobaki, wakafukia udongo juu yake, wakaukandika.

Siku ya ishirini na tisa walipika. Mchele bora uliopatikana, nazi za minazi aliyoipanda Mwarandu kwa mikono yake, samaki changu wanne wakubwa. Mkeka ulitandikwa, sinia likafunikwa kwa kawa. Mwalimu Justus alikuwa amekwenda mjini mwenyewe kumwalika kijana, na kijana alikuwa amesema, "Inshallah." Basi watu walivaa nguo zao za Jumapili, wakangoja. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikafika. Nyamvula aliliweka sinia juani lisipoe, kisha kivulini lisichache, kisha juani tena.

Aliyekuja ni Kazungu peke yake. Jasho linamtiririka, alikuwa ametembea toka darajani. Aliingia bandani, akatazama paa jipya, akatazama chini, akasukuma udongo kwa kidole cha mguu mpaka kipande cha saruji kikaonekana.

"Bwana haji," alisema. "Pole zenu. Anataka kujenga tanuri la mbata hapa, la kukaushia nazi. Mabati au makuti, kwake ni mamoja. Barua ilikuwa sababu tu."

Nyamvula alifunua sinia, akampakulia sahani, kichwa cha samaki juu, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Wewe ni mtu wake," alimwambia. "Umetumwa naye. Kula wewe, baba. Tonge moja."

Kazungu alikuwa na njaa, kila mtu aliiona ilivyomshika. Akazitazama nyuso zote zile. Akaweka mikono nyuma.

"Nikila nitakuwa nimewadanganya, Mama Kache," alisema. "Na mimi nina watoto."

Akatoka. Wali ule haukuliwa, uligawiwa kuku.

Banda lilibomolewa siku mbili baadaye, na makuti mapya yakarundikwa kando, yakachomwa moto. Mwalimu Justus alihamishiwa Rabai. Masomo ya Kache yaliishia pale, maana shule nyingine ilikuwa mbali na ya kulipia. Machela ya maiti iliegemezwa nyumbani kwa Dhahabu mpaka mchwa wakaila. Ugomvi ukitokea watu walikwenda kortini mjini, wakarudi na chuki. Baada ya mwaka mmoja watoto wadogo wa Kisauni ukiwatajia Mwarandu walikuuliza, "Nani huyo?"

Siku moja Kazungu alibisha hodi nyuma ya nyumba. Hakukaribishwa, akasimama. Alisema tanuri la mbata limekwisha, limebaki kuezekwa. Bwana anataka makuti mia mbili, na kwamba mshonaji mzuri ni mmoja tu.

Unga ulikuwa umekwisha tangu juzi, na Kache alikuwa amelala ndani na homa.

"Yatakuwa tayari Alhamisi," alisema.

Akayashona yote mia mbili. Kwa mara ya kwanza tangu alipofiwa na mumewe, hakuinua hata moja juani.