Nilimtwika Mjane Kosa la Kisu Changu

Nimekosa. Naanza na hilo, kwa sababu nikianza kwa kujieleza nitajipamba, na kujipamba nakujua sana. Mimi ni daktari. Nilimkata mtu vibaya, akafa, kisha nikamwacha mkewe aamini kwamba yeye ndiye aliyemuua. Mpaka leo anaamini hivyo.

Nakuandikia wewe nisiyekujua kwa sababu wanaonijua wananiheshimu. Usitarajie machozi. Sijalia hata mara moja, na hilo lingenitisha kama ningekuwa bado na kitu cha kutishika ndani yangu.

Mimi ni mzaliwa wa Kwale. Wazazi wangu walitoka bara, wakapewa shamba kwenye skimu ya makazi, wakalima mahindi na kupanda mikorosho. Baba aliapa kwamba mmoja wetu atakuwa daktari wa upasuaji. Si daktari tu, jamani, wa upasuaji! Alilitangaza jambo hilo kanisani kana kwamba ni uchumba wangu. Basi nilipomaliza chuo nikapangiwa kazi katika hospitali moja huku kusini, ambayo sitaitaja, nilikuwa na wazo moja tu kichwani: kupelekwa Nairobi kusomea kisu.

Nafasi ilikuwa moja, nasi tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa kijana wa kutoka Magharibi, mpole, mtaratibu mpaka anachosha. Aliyekuwa na uamuzi ni daktari wetu mkuu wa upasuaji, mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Sote tulizoea kumwita Mkubwa. Bila barua yake ya mapendekezo huendi popote.

Mwaka uliofuata ile mvua kubwa ya Elnino, hospitali ilitenga juma zima la kuwapasua wanaume wenye mshipa. Wewe wa Pwani unaujua. Korodani zinavimba, mtu anatembea ametanua miguu, anaacha kwenda harusini, anaacha hata kuswali safu ya mbele kwa aibu. Walikuja wengi, kutoka Lunga Lunga hadi Kinango, wengine wamejifunga vikoi viwili. Mkubwa alituambia wazi kwamba juma lile ndilo atakaloitazama mikono yetu.

Sasa nisikilize hapa, maana jambo lote liko hapa. Uvimbe huo mara nyingi ni maji. Unayatoa, mtu anapona. Lakini mara chache ni utumbo ulioteremka kutoka tumboni, na ukikata ukidhani ni maji, unakata utumbo. Kwa nje vinaweza kufanana. Njia ya kuvitofautisha ni rahisi mno: unazima taa, unaweka tochi nyuma ya uvimbe. Mwanga ukipenya, ni maji. Usipopenya, simama ufikiri. Ni kazi ya dakika moja.

Mwenzangu alimulika kila mgonjwa. Kila mmoja! Mimi nilimulika siku mbili za kwanza. Siku ya tatu asubuhi nikamsikia Mkubwa akimwambia mgeni fulani kwamba mkono wangu una kasi. Maneno hayo yalinilevya. Tangu hapo nikaona kuzima taa na kuvuta mapazia kunanichelewesha, na nikajiambia kwamba vidole vyangu vinayajua maji bila tochi.

Siku hiyo hiyo akaletwa mkwezi wa minazi wa Kinondo, mtu wa miaka arobaini hivi. Nitamwita Bakari, na mkewe nitamwita Mwanasha. Si majina yao. Bakari alikuwa akikwea minazi ya hoteli za Diani, kuangua madafu na kupunguza makuti, mpaka mshipa ukamteremsha. Alikuwa na miaka mitatu hajapanda mti. Tulimchoma sindano ya ganzi mgongoni, kwa hiyo alikuwa macho, na akaniambia akiwa amelala pale mezani kwamba akipona ataniletea madafu mpaka niyakimbie. Nilicheka. Nakumbuka kwamba nilicheka.

Sista wa chumba cha upasuaji alikuwa mama mtu mzima, ambaye kila asubuhi nilimpa shikamoo. Aliichukua tochi kwenye toroli akaninyooshea. Nikamwambia haina haja. Akaishikilia kidogo, kisha akairudisha.

Hayakuwa maji.

Nilijua mara tu nilipokata, kwa harufu. Sitakueleza zaidi. Nilishona pale pale, kwa haraka, nikaurudisha utumbo ndani, nikafunga. Nilichotakiwa kufanya ni kumwita Mkubwa, aliyekuwa chumba cha pili, mlango uko wazi. Sikumwita. Nilimwambia Sista kwamba ni mchubuko tu. Bakari akauliza kama tumemaliza. Nikamwambia tumemaliza, nikaagiza aletwe mgonjwa mwingine.

Siku ya pili akapata homa. Siku ya tatu tumbo likawa gumu kama ubao, na Mkubwa akamfungua tena, akakuta utumbo umevuja pale niliposhona. Alipotoka alivua glavu bila kunitazama.

"Ulimulika?" akaniuliza.

"Nilimulika. Yalionekana maji."

Sista alikuwa hapo akipanga makasi kwenye trei. Mkubwa alimtazama na yeye, akingoja. Sista hakuinua kichwa. Baadaye tulipobaki wawili aliniambia kwamba ana watoto wanne na kazi hii moja, ndiyo maana amenyamaza, na nisije nikadhani amekubaliana nami. Nikamwitikia tu. Nilikuwa nimeanza kuwa hivi nilivyo sasa.

Siku ya nne Mwanasha alinifuata barazani. Siku zote hizo alikuwa akilala kwenye mkeka nje ya wodi pamoja na mama mkwe wake. Alikuwa ameibana leso mdomoni, na alipoiondoa alisema kuna jambo linamkaba. Asubuhi ile ya upasuaji wauguzi walikuwa wamemkataza Bakari asitie chochote kinywani, hata maji. Lakini Bakari alimlalamikia kwamba koo limekauka na mwili unamtetemeka. Akamwonea huruma. Akampa chai ya rangi, nusu kikombe.

"Daktari," akasema, "chai ile ndiyo iliyomdhuru?"

Chai ile haikuwa na hatia yoyote. Nusu kikombe! Hatari yake ilikuwa kumtapisha pale mezani, naye hakutapika. Ilikwisha kupita zamani kabla homa haijaanza. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu.

"Mama," nikamjibu, "tuliwaambia asitie kitu kinywani."

Itazame sentensi hiyo. Haina uongo ndani yake. Kweli tuliwaambia. Labda ndiyo maana ilinitoka kwa urahisi, bila hata kumeza mate. Mwanasha alikaa chini pale pale sakafuni, nami nikaendelea na wodi nyingine, kwa sababu nilikuwa na wagonjwa.

Bakari alikufa adhuhuri. Mama yake alipokuja kuuliza nilimpa sentensi ile ile, na Mwanasha alikuwa amesimama nyuma yake akisikia. Kwenye faili nikaandika kwamba mgonjwa alikunywa kabla ya upasuaji, kinyume cha maagizo. Mkubwa alisoma, akakaa na kalamu mkononi kwa muda mrefu, kisha akatia sahihi. Sijui alijua kiasi gani. Sikutaka kujua.

Barua niliipata mimi. Iliusifu mkono wangu. Mwenzangu alinipongeza kwa mikono miwili, na wala hakuwa anajifanya. Baba alichinja mbuzi, majirani wote wa skimu wakaja, mchungaji akaomba kwa sauti kubwa. Nilikaa katikati yao nikatafuna ile nyama kama ninatafuna pamba.

Hapa Nairobi ninasoma vizuri. Mkono hautetemeki. Nakula, nalala, na usingizi wenyewe ni mzuri, usidhani naota ndoto mbaya. Kulikuwa na binti tuliyetaka kuoana. Alivunja uchumba akisema kukaa nami ni kama kukaa na redio iliyozimwa. Nilimwelewa. Nilijaribu kuumia, nikashindwa.

Likizo ya mwaka huu nilirudi pale hospitalini kuchukua karatasi zangu, nikakutana na Sista. Bila ya mimi kumuuliza akanieleza. Eda ilipokwisha, ndugu wa Bakari walimrudisha Mwanasha kwao Kinango. Mama mkwe alisema hawezi kulala nyumba moja na mwanamke aliyemnywesha mwanawe akafa. Watoto wawili walizuiwa Kinondo kwa bibi yao. Mdogo alikuwa bado ananyonya. Huko Kinango nako watu wanajua, na hakuna anayekubali kuonja alichopika. Sista alipomaliza alisema amenieleza ili nijue, basi, akaenda zake.

Kesho yake nilikwenda Kinango. Nilimkuta Mwanasha juani, kwenye foleni ndefu ya watu waliokuwa wakingoja lori la maji. Amekonda. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Lakini yeye ndiye aliyeniona kwanza, akaniita, akanisalimu vizuri sana, akawaambia wenzake kwamba huyu ndiye daktari aliyemhangaikia marehemu. Kisha akanivuta pembeni.

"Daktari, naomba unisamehe," akasema. "Niliiharibu kazi yako."

Nilimwambia yamepita, mama. Nikamsaidia kusogeza ndoo zake mbele, nikaagana naye, nikarudi. Ndiyo, ndivyo nilivyofanya! Nitukane hapo ulipo, nitakungoja.

Ndani ya gari nikajitungia sababu. Nikajiambia kwamba njia ya haki ni kuanza kwa mama mkwe, maana yeye ndiye aliyemfukuza na ndiye mwenye watoto. Siku mbili baadaye nikaenda Kinondo. Nilimkuta uani anasuka makuti, yule mtoto mdogo amelala kwenye mkeka kando yake. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba bila kunikumbuka. Nikajitambulisha. Nikakaa chini, nikamweleza yote: tochi, kisu, uongo niliomwambia Mkubwa, na sentensi niliyompa yeye na mkwewe. Nikamwambia chai haikumuua mwanawe. Nikamwomba awarudishe watoto kwa mama yao.

Aliendelea kusuka. Kisha akauliza ni nani mwingine anayejua. Nikamwambia ni Sista peke yake.

"Mwanangu ulishanichukulia," akasema. "Na hawa wajukuu unataka kunichukulia?"

Akanieleza, kwa upole kabisa, kwamba yule mdogo anamwita yeye mama. Kwamba Mwanasha akisafishwa, mji mzima utamuuliza yeye alimfukuza mjane kwa kosa gani, na umri wake hauwezi aibu hiyo. Akasema niende zangu, maji yamekwisha mwagika, na Mwenyezi Mungu anatuona sote wawili. Kisha akamfunika mtoto kwa leso, nzi wasimsumbue.

Unajua nilihisi nini? Nafuu. Tangu mwaka ule nilikuwa sijahisi kitu, na kitu cha kwanza kunirudia kilikuwa nafuu! Niliondoka pale mwepesi. Nikala wali kwa samaki Ukunda, na ulikuwa mtamu.

Hilo ndilo ninaloliungama hasa. Kisu kilikuwa kosa, na makosa ya kisu hutokea hata kwa mikono mizuri. Uongo ulikuwa woga. Lakini ile sahani niliimaliza.

Sasa najiambia kwamba nanyamaza kwa kumwonea huruma bibi yule, nisimwongezee msiba juu ya msiba. Si kweli. Nina mtihani mwezi wa kumi na moja, na aliyeficha kosa lake kwenye faili ya marehemu hatakubaliwa kuufanya. Nikipanda basi leo jioni, kesho kabla ya adhuhuri naweza kuwa nimesimama mbele ya Mwanasha. Kituo cha basi hakiko mbali na hapa ninapoandika. Sijakata tiketi.

Nyinyi mnaoingia kwenye kazi hii na mnataka kufika juu, mulikeni. Msione haya kuonekana wazito. Na ukishakosea, sema siku ile ile, mkono ukiwa bado na damu, kabla hajatokea mtu mwema akaliokota kosa lako akadhani ni lake. Akishalichukua, utashangaa jinsi utakavyomwachia.

Na wewe uliyempa mgonjwa wako kijiko cha uji kwa huruma, kisha ukafiwa, usilikubali jibu la kwanza la daktari. Muulize tena. Muulize alikata wapi, na alikuta nini, na umtazame usoni anapojibu. Mwanasha aliniuliza mara moja tu, kwa adabu.