Zege la Watu Kumi

Mimi sikuzaliwa na subira, na yeyote anayenijua hapa Katubuka atakwambia. Kwa hiyo nikikuambia Domitila ni mbishi, ujue nimejilinganisha naye mwenyewe nikakubali kushindwa. Tumepakana ua kwa ua mwaka wa kumi na tisa huu. Yeye ni Muha wa Simbo, Mkatoliki, anauza mawese sokoni. Mimi ni mtoto wa Ujiji, nina banda langu la chipsi hapo barabarani. Yeye ananiita Mama Yasmini, mimi namwita Mama Agnesi, na tukigombana tunaitana hivyo hivyo, ila kwa sauti ya juu.

Ubishi wake una namna yake. Akikuuliza, "Mama Yasmini, unaonaje?" usijisumbue kuona, ameshaamua tangu jana. Anataka tu umwambie umeona kama yeye.

Mumewe ni Mzee Herman. Miaka ishirini na kitu aliendesha boti ya abiria, Kigoma hadi Mwamgongo na kurudi, mvua na upepo vikimpiga usoni. Kisha presha ya macho ikamla jicho moja, ikaja ikamla la pili, na huu ni mwaka wa tatu haoni kitu. Ndani ya nyumba anapita vizuri tu, kuta anazijua. Shida ilikuwa ua. Choo chao kiko nje, mwisho kabisa wa ua, na udongo wetu huu mwekundu ukinyeshewa ni sabuni. Masika iliyopita alianguka mara mbili, na mara ya pili akategua kiwiko. Tangu hapo Domitila akawa anamshika mkono kila safari, kwenda na kurudi.

Mzee hakulalamika. Ila ikifika jioni akawa anakataa maji ya kunywa, asije akamwamsha mtu usiku. Domitila aliponiambia hilo niliumia, sikufichi. Mtu aliyebeba roho za watu ziwani miaka yote ile na kuzifikisha salama, leo hawezi kwenda chooni bila kusindikizwa! Na lililomtesa si kuanguka. Lililomtesa ni kule kushikwa mkono.

Basi ikaamuliwa ua uwekwe sakafu ngumu. Nani kaamua? Usiniulize maswali ya kitoto.

Sasa ikabaki ni zege au pevingi, vile vitofali vya kupangwa. Fundi Samson, kijana wa hapa mtaani mwenye mdomo mtamu, akasema zege. "Mama, jamvi la zege tunamwaga siku moja, unalimwagilia maji wiki nzima, basi. Laini, unafagia hivi, hakuna majani, hakuna siafu." Domitila akapenda hilo neno laini. Akaona mume wake anatembea kama ukumbini.

Lakini kaka yake, Leonardi, anafyatua vitofali vya pevingi kule Simbo. Naye akaja na yake. "Dada, ukimwaga zege halafu bomba likapasuka chini, utafanyaje? Utavunja na nyundo. Pevingi unang'oa, unatengeneza, unarudisha."

"Bomba langu halijapasuka."

"Litapasuka."

"Unaniombea mabaya, Leonardi?"

Wakanuniana. Domitila akaniuliza mimi, nikasema zege, maana nilishaona uso wake. Akamuuliza jirani wa juu, akamuuliza na katekista. Akampigia simu binti yake, Agnesi, kule Kasulu. Ukiacha mbuzi, hapa mtaani hakuna ambaye hakuulizwa. Ikawa zege. Kokoto zikashushwa, mchanga ukashushwa, saruji ikapangwa kibarazani. Leonardi, kwa hasira zake, alikuwa ameleta vitofali arobaini vya mfano katika viroba, akavibwaga mlangoni pa jiko, akaondoka bila kuaga.

Ijumaa jioni napata ujumbe kwenye simu kutoka kwa Domitila: "Kesho ndiyo siku ya zege. Saa mbili kamili asubuhi. Watu kumi. Usichelewe."

Nikafurahi! Si unajua chipsi mayai vijana wanaziita zege? Hata kibao cha banda langu kimeandikwa hivyo. Nikasema leo jirani yangu amekuwa muungwana, anawalisha vibarua wake, na chakula anakichukua kwangu. Nilikesha na viazi. Jumamosi saa mbili kamili nikabisha hodi na beseni kichwani, sahani kumi zimefunikwa, kachumbari pembeni, pilipili ya kutosha.

Domitila amesimama katikati ya ua, kanga imefungwa kiunoni, anatazama barabarani.

"Mama Yasmini, karibu. Hizo unampelekea nani?"

"Si wewe? Zege la watu kumi, hili hapa."

Akaniangalia. Akaangalia beseni. Akatoa simu, akavaa miwani, ambayo jana yake hakuivaa, na hapo ndipo mambo yakajulikana. Mjukuu wake Happiness ndiye aliyemwandikia majina kwenye simu. Mimi nimeandikwa "Zege Ziada". Fundi ameandikwa "Zege Samson", na ujumbe wake wa kuja na vibarua kumi ndio ulionifikia mimi.

"Ziada!" Siku hiyo hakuniita mama wa mtu, aliniita jina langu kavu. "Na fundi je?"

Fundi akapigiwa. Yuko mtaa wa Mwanga, ameshaanza kumwaga zege la mtu mwingine. "Mama, wewe hukunithibitishia! Na hapa siwezi kuacha, zege halilali."

"La kwangu limelala!" Domitila akafoka, akakata simu. Kisha akanigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemnyima miwani. Na mimi nikamjibu, kwani nimepewa mdomo wa nini? Nimekesha na viazi, halafu nifokewe! Tukapaziana sauti mpaka Leonardi, aliyekuwa ametoka Simbo alfajiri kuja kushuhudia dada yake akikosea, akacheka mpaka akakaa juu ya mchanga.

Mzee Herman akauliza kutoka kibarazani, "Hayo mayai yanapoa kwa sababu gani?"

Basi tukala. Tungefanyaje? Tulikaa juu ya mifuko ya saruji, sisi wanne na Happiness, na majirani waliovutwa na kelele wakajikuta wana sahani mkononi. Ilikuwa asubuhi tamu, nasema kweli. Leonardi alimaliza wa kwanza, na kwa vile mikono yake haijui kutulia, akaanza kutoa vile vitofali vya mfano kwenye viroba, akivipanga kuanzia mlango wa jiko kuelekea choo, safu ya vitofali viwili viwili. Hakuna aliyemjali.

Mzee akainuka. Domitila akamwona, akaweka sahani chini, mdomo umejaa, mkono tayari umenyooshwa kumshika. Lakini mzee alikuwa ameshateremka, na fimbo yake ikagonga kitofali. Akasimama. Akagonga tena, akaburuza ncha ya fimbo ikashika ufa kati ya kitofali na kitofali. Kisha akaanza kwenda.

Hakupapasa. Alikwenda! Fimbo inasoma mistari, mguu unafuata, mgongo umenyooka kama enzi za boti. Domitila mkono wake bado uko hewani. Katikati ya ua, karibu na tangi la maji, mzee akasimama ghafla.

"Vimekwisha," akasema. "Ongezeni."

Leonardi akaruka. "Dada, umesikia?"

"Nyamaza wewe!" Domitila akamfuata mumewe. "Baba Agnesi, zege litakuwa laini, hutajikwaa popote."

"Ndiyo. Litakuwa laini kama ziwa lisilo na ufukwe. Nikishafika katikati nitajuaje kama niko chooni au jikoni? Hivi vina mistari. Vikilazwa kwa urefu, najua nakwenda choo. Vikikatiza kwa upana, najua nimefika tangini."

"Sasa kwa nini hukusema muda wote huu?"

"Hukuniuliza, mke wangu. Uliwauliza mpaka wa Kasulu."

Domitila akaviangalia vile vitofali. Akameza chipsi zake, machozi yakamjaa machoni. Mimi nilitaka kumcheka, na nilishafungua mdomo kabisa, nikaufunga. Aibu nilikuwa nayo mimi pia. Nilipakana na yule mzee, nikamwamkia kila asubuhi, na sikumuuliza.

Leonardi aliweka pevingi kwa siku sita. Mchanga ulitumika kulalia vitofali, na kokoto na saruji zikatengeneza ukingo wa kuvibana. Mzee mwenyewe alikuwa fundi mkuu, anapita kila safu na fimbo yake, anawaambia, "Hiki mmekigeuza, ng'oeni." Wakang'oa. Domitila alikaa kando akamenya karanga, na mara tatu nilimsikia akiuliza, "Baba Agnesi, unaonaje?" na kusubiri jibu.

Jumatatu iliyofuata alinikuta bandani namenya viazi, jua limeshapanda.

"Mama Agnesi, leo sokoni vipi? Unaumwa?"

"Siumwi." Akakaa kwenye kigoda. "Alfajiri nimeamka kumpeleka, nakuta upande wake hakuna mtu. Roho ikaniruka! Nikatoka mbio bila viatu. Namkuta anarudi, taratibu, ananawa mikono tangini. Ananiambia, 'Mama Agnesi, umeamkia nini? Rudi ulale.'"

"Ukamjibu nini?"

"Ningemjibu nini? Nilirudi nikalala. Miaka mitatu, Mama Yasmini, nimelala sikio moja liko wazi. Leo nimelala mpaka saa mbili na nusu, kama mtu aliyeolewa jana."

Akaanza kucheka, kicheko kikamgeukia kikawa kilio, naye akakiacha kitoke.