Nilivyochonga Kitako cha Bunduki

Mimi ni fundi seremala hapa Ilongero, na kabla hamjanicheka, fahamuni kwamba kazi yenyewe ilikuwa safi.

Mzee Njiku hufukuza ngedere kwenye alizeti zake kwa bunduki yenye kibali. Aliniletea kile kitako chake cha mbao peke yake. "Mwanangu, nikitoka jasho kinateleza," alisema. "Nichongee vile vimistari vya kukatana, kishikike."

Bunduki sijawahi kuishika maishani, lakini nilimwambia aondoe wasiwasi.

Kifaa cha kazi hiyo huku hakiuzwi, nikakitengeneza. Nilifunga vipande viwili vya msumeno wa chuma sambamba kwenye mpini, kimoja kifuate mstari uliokwisha kukatwa, kingine kikate mpya. Nilijiona mhandisi kabisa.

Kisha nikatafuta palipolainika kuliko pote. Ubavuni palikuwa panang'aa kama kioo. Nikajua hapa ndipo mkono umesugua miaka yote, nikapachonga mpaka pakawa na vimeno kama tupa.

Mzee alipokuja nilimpa shikamoo kwa sauti, majirani wasikie. Akakirudisha kitako kwenye bunduki isiyo na risasi, akaiweka begani, akalaza shavu na kulenga kichuguu. Alikaa hivyo kidogo, kisha akaishusha taratibu.

Shavu lake lilikuwa limejaa miraba midogo midogo, na hakuna hata mstari mmoja uliopinda.

"Fundi," akasema akijipapasa, "wewe bunduki unaishika kwa shavu?"