Intumba Zilizozaa Mapacha

Mwaka ule nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, miguu inayowasha, na kazi ambayo sikuiomba: katibu wa kikosi katika kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Mollo. Niliandika nani amekuja shambani na nani ameumwa tumbo, na matumbo yaliuma sana mwaka ule. Nilichokitaka mimi kilikuwa kimoja tu, barua ya ruhusa ya kusafiri. Bila karatasi yenye muhuri wa kijiji, mgambo wa kizuizi cha barabarani alikushusha kwenye lori na kukurudisha kwenu kwa miguu. Mwenyekiti alikuwa ameshaniambia mara tatu:

"Kikosi chako kikifikisha lengo, barua utapata. Kisipofikisha, utazeekea hapa na daftari lako."

Lengo lilikuwa intumba elfu mbili kabla ya Pasaka. Kwa asiyeishi Ufipa, intumba ni kilima cha duara kinachofika gotini. Mvua zikikolea tunafyeka majani na kuyafunika kwa udongo. Yanaoza humo ndani, na msimu unaofuata tunautawanya udongo huo na kupanda ulezi. Kila mtu kwetu anajua ukubwa wa intumba kama anavyojua ukubwa wa tonge. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kuuandika popote.

Katikati ya msimu tukaambiwa bwana shamba anakuja kupitia malengo. Kila kikosi kionyeshe angalau nusu. Sisi tulikuwa na mia sita. Sababu haikuwa siri: kwa jirani aliyepika pombe ya ulezi watu walilima wakiimba, kwenye shamba la kijiji walilima wakitazama jua.

Bwana shamba alikuwa mtu wa Mbeya, mpole, mgeni kwetu, na kwao walilima matuta marefu. Nilipokumbuka hilo, shetani akanikalia begani.

"Tuzipasue," niliwaambia wenzangu. "Kila moja iwe mbili. Hajui ukubwa wake."

Kiongozi wa kikosi, mama mmoja mjane mwenye sauti ya kengele ya kanisa, alininyooshea jembe.

"Na majani yatakayobaki nje, yataozea mbinguni?"

"Mama, ni kwa siku moja tu."

Alitikisa kichwa, lakini hakukataza. Wengine walikuwa wameshashika majembe wakicheka. Asubuhi mbili zilitosha. Shamba likajaa vichuguu vidogo, majani yamechomoza kila upande kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla.

Bwana shamba alikuja na fimbo. Alipita mstari kwa mstari akigusa kila kimoja, akihesabu kwa sauti, mwenyekiti nyuma yake. Mwenyekiti alizaliwa palepale. Aliona kila kitu kwa jicho la kwanza, na akanyamaza, maana hesabu ilikuwa inapendeza.

"Elfu moja na mia mbili!" bwana shamba alisema, akitabasamu hadi masikioni. "Ndugu zangu, mmevuka nusu. Kikosi hiki ni cha mfano. Basi tunarekebisha lengo: si elfu mbili tena, ni elfu tatu. Na vikosi vingine vitakuja hapa kujifunza."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja nyuma yangu akaninong'oneza, "Haya Katibu, hizo zilizoongezwa utazipasua kwa meno?"

Niliiona barua yangu ikipaa kama kunguru. Ndipo mama mjane akasimama, akafunga kanga vizuri kiunoni.

"Ndugu Bwana Shamba, shikilia fimbo yako, nina neno. Intumba zetu zimezaa mapacha."

"Zimefanyaje, Mama?"

"Umehesabu watoto ukadhani ni wazazi. Hebu chomeka fimbo."

Akachomeka. Ikazama kidogo tu, ikagonga ardhi ngumu. Akachomeka kwenye kingine. Akamgeukia mwenyekiti, na mwenyekiti akaanza kuchunguza mawingu.

"Nani alitoa wazo hili?" bwana shamba aliuliza.

Kikosi kizima, ambacho hakikuwahi kukubaliana jambo lolote tangu kiundwe, kikaninyooshea vidole.

Nilingoja kupelekwa wilayani. Lakini bwana shamba naye alikuwa na aibu yake; angeandika nini, kwamba alisifu vichuguu mbele ya umma? Alikaa juu ya kimoja, kikabonyea, akacheka mwenyewe. Tukaanza kupitia malengo upya, safari hii kwa ukweli: wangapi wanakuja, siku ngapi, kwa nini hawaji. Lengo likashuka hadi elfu moja na mia nne, na pembeni yake yakaandikwa maneno mapya: "za kufika gotini."

"Na Katibu?" mwenyekiti aliuliza.

"Anavuliwa ukatibu," alisema mama mjane. "Azirudishe zote mia sita kuwa kama zilivyokuwa. Akimaliza, mpe barua yake aende. Kijana anayewaza hivi tukibaki naye, mwakani atatupasua sisi."

Nilizirudisha kwa siku nne peke yangu, mgongo ukilia. Siku ya tano nilikuta yule mama amepika pombe kwa ulezi wake mwenyewe, na kikosi kizima kiko shambani kinaimba. Saa tisa kazi ilikwisha. Mwenyekiti alipita, akanusa. Alipewa kibuyu.

Kesho yake mwenyekiti alishika kalamu. "Sababu ya safari?"

"Andika anakwenda kujifunza kuhesabu," alisema mama mjane kutoka mlangoni. Mwenyekiti, kwa ubaya tu, akaandika hivyohivyo na kugonga muhuri.

Kizuizini mgambo aliisoma mara mbili, akaniinulia uso.

"Saba mara nane?"

Kwa woga nikasema hamsini na nne.

"Mpisheni," aliwaambia wenzake. "Huyu ana haja kweli."