Kompyuta Iliyobaki

Jamani, nimejifungia ofisini na watu wote wananingoja ukumbini.

Leo hapa Isiolo tuna shindano la wanafunzi la kuandika programu za kompyuta. Shule haina mashine za kutosha, kwa hivyo wafanyabiashara wa mjini walijitolea: kompyuta za maduka yao zipokee programu kupitia mtandao, zizijaribu, zitoe alama.

Mimi nikapanga saa saba mchana.

Siku ya Ijumaa! (Hata sijui nilifikiria nini.)

Adhana ikalia, maduka yakafungwa, kompyuta zikazimwa moja baada ya nyingine. Ikabaki moja tu, yangu. Ndiyo iliyosahihisha kazi zote.

Sasa Mzee Abdi wa duka la nguo ametoka msikitini, anabisha: “Mwalimu, nani ameshinda?”

Ameshinda binti yangu.

Nyinyi mngefungua mlango?