Siku Zisizohesabiwa

Nyumbani kwetu hakuna tena anayeuliza, "Umepata choo?"

Kwa miaka mingi hilo lilikuwa neno la kwanza la asubuhi, kabla hata ya salamu, kabla jua halijafika kwenye kamba ya nguo. Shangazi alilirusha kutoka mlangoni kwa chumba chake cha uani, na kila aliyepita na mswaki mdomoni alipaswa kujibu bila kuficha. Mgeni mmoja aliyelala kwetu alidhani anatukanwa, akafunga mkoba wake kimyakimya. Sasa watu wanaamka, wanachota maji, wanapita, na matumbo yao ni siri yao.

Shangazi alikuwa mkandaji. Alifanya kazi miaka ishirini na sita kwa tabibu wa Ayurveda, ile tiba ya kale ya Kihindi, mtu mkavu wa maneno, aliyerithi elimu hiyo kwa babu yake. Alianza kama mfagizi. Siku moja tabibu alimkuta amemshika mkono mgonjwa aliyekuwa akisubiri zamu, vidole vitatu juu ya mshipa, macho ameyafumba.

"Unasikia nini?"

"Chura," alisema shangazi.

Tabibu akaushika mkono uleule, kisha akasema, "Kesho usiguse ufagio."

Katika kazi ile, mapigo yanayoteleza kama nyoka ni ya upepo, yanayoruka kama chura ni ya moto, na yanayokwenda polepole kama bata majini ni ya maji. Kila mwili una vyote vitatu. Ugonjwa ni kimoja kuwapanda wenzake kichwani. Misimu nayo ina mkono wake humo. Joto lilipozidi, shangazi alituondolea pilipili na kutulisha matango. Upepo mkavu ulipoanza kuvuma, alitupaka mafuta ya ufuta vuguvugu kuanzia utosini hadi unyayoni, na hakuna shati letu la shule lililokosa doa kwenye kola. Alitukwangua ndimi kwa kijiti cha shaba, akitazama utando mweupe kama karani anayesoma barua. Watoto wa mtaani walimwita Toa Ulimi.

"Wifi, wewe hata akiingia mwizi utamwambia atoe ulimi kwanza," mama alimtania.

"Mwizi mwenye ulimi mweupe hakimbii mbali. Tutamkamata hapo kwenye kona."

Tabibu alipozeeka na kufunga chumba chake, shangazi alihamishia kazi uani kwetu: benchi la kukandia, makopo ya tangawizi kavu, uwatu na iliki, na kibao kilichokuwa kimetundikwa ukutani kule. Kibao hicho alikichora baba, mdogo wa shangazi, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika majina ya maduka na namba za magari. Herufi zilikuwa nyekundu, zenye kivuli cheusi upande mmoja: ASIYEPATA NAFUU KWA SIKU KUMI NA NNE AENDE HOSPITALI.

Shangazi aliishika amri hiyo bila kulegeza. Niliwahi kumwona akimsindikiza dereva mmoja, mtu mzima mwenye kitambi, hadi kwenye dirisha la kadi hospitalini, huku dereva akilalama njia nzima kwamba mgongo umeshapona. "Umepona leo kwa sababu ni siku ya kumi na tano," alimwambia. "Wote hupona siku hiyo."

Lakini ilikuwapo amri nyingine, ambayo haikuandikwa popote. Msimu mmoja unapoondoka na mwingine haujafika, zipo siku za katikati, saba za mkia na saba za kichwa. Siku hizo miili huyumba. Tumbo hugoma, usingizi hukimbia, mtu huchoka bila kufanya kazi. Anayeyumba siku hizo haitwi mgonjwa bado. Anapewa uji mwepesi wa mchele na choroko, anapakwa mafuta, anasubiriwa. Siku za katikati hazihesabiwi.

Mwaka ule, upepo mkavu ukiwa unaishia, baba alianza kubakiza chakula. Hakusema anaumwa. Alisema ameshiba, na sahani ilikuwa nusu. Mkanda wake ulitobolewa tundu jipya, kisha jingine. Shangazi alimshika mkono asubuhi moja kwenye ngazi.

"Upepo," alisema. "Mwingi. Nitakukanda."

Basi akamkanda. Kila siku kabla ya kazi baba alilala kwenye lile benchi, na tulisikia viganja vikipigapiga mgongo na baba akigumia kwa raha. Siku ya kumi na mbili hakuwa na nafuu. Siku ya kumi na tatu mawingu yalijikusanya, hewa ikawa nzito, na shangazi akatoka uani, akanusa.

"Msimu unageuka," alisema. "Hesabu inasimama."

Mawingu yakaondoka. Wiki iliyofuata yakarudi, yakakaa siku mbili, yakaondoka tena. Mvua haikunyesha, na upepo nao haukurudi. Zile siku kumi na nne za katikati zilikwisha, msimu haujaja, na shangazi aliendelea kusubiri, kwa kuwa katika yote aliyofundishwa hakuna aliyemwambia afanye nini msimu ukikataa kufika.

"Wifi, leo siku ya ngapi?" mama alimuuliza.

"Hazijaanza."

"Mdogo wako anaisha, wifi. Nguo zinamvaa yeye."

"Mvua ikinyesha, nitahesabu."

Baba mwenyewe alitaka iwe hivyo. Aliogopa hospitali kama mtoto anavyoogopa sindano. Mama alipomshika bega na kumwambia waende, alicheka kile kicheko chake cha puani. "Hospitali yangu hiyo hapo inatwanga tangawizi. Ama vipi, dada?" Na shangazi, ambaye alikuwa amewaburuta watu wengi hadi kwenye dirisha la kadi, aliinamia kinu chake, akaendelea kutwanga.

Mvua ilichelewa wiki nane. Iliponyesha tulifurahi kama watu waliopata habari njema. Shangazi alianza hesabu upya, siku ya kwanza, ya pili. Siku ya tisa baba alitapika kitu cheusi kama masalia ya kahawa, na mama, bila kumuuliza mtu yeyote, akaita teksi.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye macho ya kukosa usingizi. Aliuliza dalili zimeanza lini. Mama alimgeukia shangazi.

"Siku tisa," alisema shangazi.

"Sema zote, wifi."

Shangazi alihesabu kwenye pingili za vidole, polepole, midomo ikicheza. "Sabini na saba," alisema.

Daktari aliandika. Baada ya vipimo alituita kwenye kichumba chenye viti vitatu, akatuambia kwamba uvimbe ulikuwa tumboni na umeshatambaa hadi kwenye ini. Mama aliuliza ingekuwaje kama tungewahi kumleta. Daktari aliitazama kalamu yake. "Siwezi kuwaambia ingekuwa tofauti," alisema. "Ninachoweza kusema ni kwamba tungejaribu."

Neno hilo, tungejaribu, lilikaa kwetu kuliko ugonjwa wenyewe.

Baba alilazwa wiki tano, kitanda cha ukutani. Shangazi alikwenda kila siku saa ya kuona wagonjwa, akakaa kwenye stuli, mikono mapajani. Mchana mmoja baba alitoa mkono nje ya shuka, kifundo cha mkono kikiwa juu, kama alivyofanya maisha yake yote.

"Shika basi, dada. Niambie nani yumo humo leo."

Shangazi alikishika kiganja chake, akakifunika kwa mikono miwili. Kifundo hakukigusa.

Baba alifariki siku ya Jumanne, mvua ikiwa imeshachosha watu.

Hakuna aliyemlaumu shangazi kwa maneno. Mama alimpakulia chakula kama kawaida na kumwita wifi kama kawaida. Ila vicheko viliisha, na shangazi aliacha kuuliza lile swali lake la asubuhi. Makopo yalibaki yamefunikwa.

Miezi mitatu baadaye bega la mama lilikaza. Lilikuwa bega tu, la mtu anayelala upande mmoja wa kitanda kikubwa. Angeweza kununua dawa ya kuchua dukani. Badala yake alikwenda uani, akaketi kwenye lile benchi, kando ya shangazi, akateremsha blauzi begani. Mimi nilikuwa naanika nguo, nikasimama na shuka mkononi.

"Wifi, nikande."

Shangazi hakuinuka. "Nenda hospitali."

"Kwa bega?"

"Nenda hospitali, wifi."

"Nimekuja kwako. Unanielewa? Mimi mwenyewe nimekuja kwako."

 Shangazi alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Siku ile ya kwanza, kwenye ngazi, nilisikia kitu chini ya kidole cha tatu. Hakikuwa nyoka, hakikuwa chura, hakikuwa bata. Sikukijua. Nikakiita upepo."

Mama aliipandisha blauzi yake taratibu. Alikaa pale muda mrefu, mabega ya wanawake hao wawili yakikaribia kugusana. Kisha akasema, "Hata hivyo nikande." Shangazi akatikisa kichwa, na mama akaenda zake ndani na bega lake.

Waliokuja baadaye na mafua, na vidonda vya tumbo, na watoto wasiolala, wote walipewa jibu moja, nenda hospitali, hata kabla hawajaketi, mpaka wakaacha kuja.

Shangazi anaishi sasa kwa mdogo wake wa mwisho, mwendo wa saa sita kwa basi. Anafanya kazi katika duka la vifaa vya shule, upande wa madaftari.