Mifuko ya Fundi wa Funguo

Juzi mjini Garissa fundi alinichongea ufunguo mpya wa gari langu kuukuu. Alipomaliza, kabla sijasema neno, aligeuza mifuko ya suruali yake nje. "Ona, mama, sijabaki na ingine." Hasira zilinipanda. Nani alimzoesha hivyo? Sisi tuliotoka bara!

Nilikuwa mdogo baba, mwalimu aliyeletwa huku kutoka bara, alipopoteza ufunguo wa Peugeot yake. Tulimwita fundi wa funguo, Mzee Abdi. Alifukiza kipande cha chuma kwa mshumaa, akakiingiza kwenye kitasa cha mlango, akakichomoa, akakipiga tupa pale masizi yalipofutika. Alirudia hivyo alasiri nzima juani, koti lake likinuka moshi na iliki, hadi mlango ukafunguka.

Baba hakumshukuru. "Mifuko," alisema.

"Mwalimu, ni hii moja tu, wallahi."

"Nimesema mifuko!"

Mzee alitoa vitu vyake kimoja kimoja, akavipanga juu ya boneti: tasbihi, mswaki wa mti, peremende mbili. Leo najua baba alimdhania amejichongea ufunguo wa pili aje atuibie gari. Mafundi wa kwetu bara hakuwahi kuwakagua hata siku moja. Lakini siku ile nilidhani ni mazingaombwe kama yale ya shuleni, nikangoja ajabu itokee mfukoni.

Mifuko ilipokwisha, Mzee Abdi alinipa peremende moja.

Nami nikampigia makofi.